Nguo ya Maji, Nguo ya Jasho

Jumamosi ya soko la Tengeru, nje kidogo ya Arusha, huanza mapema. Jua halijavuka migomba, mabelo ya mitumba yameshakatwa mikanda na mikono ya wanunuzi imeshazama kwenye marundo. Mwanamke mmoja anachomoa vazi la kuogelea la rangi ya bluu, lenye lebo ya kampuni kubwa ya Ulaya. Linang'aa, halina doa. "Dada, hiyo gredi ya kwanza, laikra tupu," muuzaji anamwahi. Mnunuzi hajibu. Analishika kwa mikono miwili upande wa makalio, analivuta na kuliinua mbele ya jua. Kati ya nyuzi za bluu vimechomoza vijiuzi vyeupe, vyembamba kama tambi zilizokatika, na anapoliachia linabaki limelegea vilevile. Analirudisha rundoni bila kuuliza bei.

Kipimo alichokifanya ndicho ambacho maabara za nguo hukifanya kwa mashine: kuvuta, kuachia, kutazama kilichobaki. Vile vijiuzi vyeupe ni elasteni, uzi ambao watu wengi wanaujua kwa jina la kibiashara la Lycra. Uliundwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na sifa yake ni moja tu: huweza kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake kisha ukarudi. Katika kitambaa cha kuogelea elasteni huwa sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 18 hadi 22, na sehemu iliyobaki ni nailoni au poliesta. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo inayolibana vazi mwilini. Ikifa, vazi limekufa, hata kama rangi bado inameremeta.

Kinachoiua kinajulikana katika kila nyumba ya Arusha. Klorini inayowekwa kwenye bwawa la kuogelea ni ndugu wa damu wa jiki. Kazi yake ni kuvunjavunja uchafu na vijidudu, nayo haibagui: humega pia minyororo ya elasteni, polepole, kila mara mtu anapoogelea. Mtoto anayefundishwa kuogelea mara tatu kwa wiki katika bwawa la shule au la hoteli anaweza kulimaliza vazi lake la nailoni na elasteni ndani ya miezi michache. Mzazi hudhani kauziwa feki, kumbe kauziwa kitambaa kizuri cha ufukweni kwa ajili ya kazi ya bwawani.

Kwa bwawa kuna jamaa mwingine, asiyesifiwa sana madukani. Huitwa PBT, ni aina ya poliesta ambayo molekuli zake zina mkunjo wa asili kama springi, hivyo huvutika kiasi bila kuhitaji elasteni hata kidogo. Mavazi ya mazoezi ya waogeleaji wa mashindano mara nyingi huchanganya poliesta ya kawaida na PBT, takribani nusu kwa nusu. Kwa kuguswa kitambaa hicho ni kikavu kidogo, hakina ule ulaini wa nailoni, na dukani mtu hukiona kama kitambaa duni. Bwawani ndiko kinakoonyesha thamani yake: hakichuji rangi haraka wala hakilegei. Anayeogelea kwenye klorini kila wiki asome lebo ya ndani kwa makini. Akiona neno elasteni au spandeksi kwa asilimia 20, ajue amenunua vazi la muda mfupi.

Hesabu hubadilika kwenye chemchemi ya Kikuletwa upande wa Boma Ng'ombe, ile ambayo kila mtu anaiita Chemka, jina linalotisha kuliko maji yenyewe. Maji yale ni ya vuguvugu tu, hutoka ardhini, na hakuna anayeyatia klorini. Huko nailoni na elasteni ndiyo chaguo zuri, maana hunyumbulika na hukaa mwilini. Bahati mbaya wengi wanaofika huko wikiendi huingia majini na fulana ya pamba, wengine na jinzi. Pamba hunywa maji mpaka inakuwa mzigo, hushuka, hujikunja miguuni, na ikitoka majini inakaa na baridi yake hadi jioni. Ndiyo maana mabwawa mengi ya hoteli huweka kibao cha kukataza fulana. Wageni hudhani ni maringo, ilhali pamba hutoa vumbi la nyuzi ambalo huenda kuziba chujio la bwawa.

Swali la stara lina jibu la kitaalamu pia. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, mbunifu wa mavazi wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, alibuni vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, akaliita burkini. Siri ya vazi hilo ni kitambaa: chepesi, kisichonywa maji, kisichogandamana na mwili kinapolowa. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya namna hiyo. Fundi wa Arusha anayeombwa kushona burkini na kukimbilia jezi ya pamba kwa sababu ni laini anamfungia mteja wake jiwe. Nailoni nyembamba au poliesta iliyofumwa kwa kubana ndiyo inayofaa, na kofia yake ishonwe kwa kitambaa kilekile.

Tuhamie kwenye jasho, ambako sheria zote hugeuka.

Arusha ni jiji la wakimbiaji. Alfajiri, barabara za vumbi za Sakina, Ilboru na Ngaramtoni huwa na makundi ya vijana wenye bukta fupi na singlendi, mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Alphonce Simbu, aliyezaliwa Singida na kufanya mazoezi yake hapa, alishinda mbio za maratoni za dunia jijini Tokyo Septemba 15, 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Nguo haimpi mtu ushindi wa aina hiyo. Ila katika joto na unyevunyevu wa Tokyo, nguo mbaya ingeweza kumnyima.

Mwili unaokimbia hujipoza kwa jasho kugeuka mvuke. Kila kinachozuia mvuke huo kinamchemsha mkimbiaji. Kitambaa cha kuogelea kimefumwa kwa kubana ili maji yasiingie na kutoka ovyo, na ili kisionyeshe mwili kinapolowa. Kikivaliwa kukimbia barabarani kinakuwa kama mfuko. Wengi wanaolalamika kwamba skintaiti zao zinawachubua mapajani na kuwawasha wamenunua, bila kujua, kitambaa cha maji kilichoshonwa kama nguo ya mazoezi.

Katika hewa ya kawaida, poliesta hunyonya unyevu chini ya nusu asilimia ya uzito wake. Nailoni huchukua asilimia 4 hivi, pamba 7 hadi 8, na sufu hukaribia 16. Mtu angedhani basi pamba ndiyo bora kwa jasho, kwa kuwa inalinyonya. Inalinyonya kweli, kisha inakataa kuliachia. Poliesta hainywi, lakini ikifumwa kwa nyuzi nyembamba nyingi zilizokaa pamoja, jasho hupanda katikati yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, likafika upande wa nje na kuyeyuka huko. Uzi wenyewe hubaki mkavu. Kwa hiyo siri ya jezi nzuri imo katika mfumo wa nyuzi zaidi ya jina la poliesta. Jezi ya poliesta iliyofumwa nzito na laini kama nailoni ya mwavuli ni balaa kama pamba tu.

Mlima Meru huonyesha tofauti hiyo kwa ukali. Msafara hutoka lango la Momella ukisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, hulala Miriakamba karibu mita 2,500, kisha Saddle karibu mita 3,570. Kupanda huko ni jasho la mchana kutwa msituni. Usiku wa manane safari ya kilele cha mita 4,566 inaanza, na upepo wa ukingo wa kreta humkuta mpandaji na nguo aliyoitolea jasho. Mwenye fulana ya pamba iliyolowa anaanza kutetemeka kabla hajafika mbali. Maji hubeba joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Mwenye poliesta nyembamba ndani, sweta la flisi katikati na koti la kuzuia upepo nje, anapumua. Sufu nayo inafaa sana, maana hubaki na joto hata ikilowa, ila bei yake ni ya wageni.

Wapagazi wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote, na si wote wana uwezo wa kulifanyia kazi. Huko Moshi, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Wengine hutegemea masoko ya Kilombero na Tengeru, ambako flisi ya mtumba iliyotoka kwenye kabati la mtu wa Ulaya inapata mlima ambao mwenyewe hakuwahi kuupanda.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo sasa limebandikwa karibu kila nguo mpya ya michezo: "iliyorejelezwa". Wauzaji hulitamka kama ni aina ya kitambaa. Si aina ya kitambaa. Ni habari ya uzi ulikotoka.

Kwa Arusha mchakato wenyewe si mgeni. Kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Chembe za plastiki iliyochanganywa na dawa ya mbu huyeyushwa, husukumwa kwenye matundu madogo, zikavutwa kuwa uzi, na uzi ukafumwa kuwa wavu. Poliesta ya chupa hupita njia ileile, ila huanza na hatua chafu: chupa za maji na soda hukusanywa, hupangwa kwa rangi, huoshwa, hukatwa kuwa chenga, ndipo huyeyushwa. Uzi unaotoka una kemia ileile ya poliesta iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ukifumwa vizuri, mkimbiaji hawezi kuutofautisha mwilini. Ukifumwa vibaya, nao ni mbaya.

Kampuni ya Nike ilitumia njia hiyo kwa jezi za timu zake za Kombe la Dunia la mwaka 2010, ikieleza kwamba kila jezi ilibeba hadi chupa nane. Brazil ilikuwa miongoni mwa timu hizo. Waliokwenda Uwanja wa Taifa Dar es Salaam Juni 7 mwaka ule, Taifa Stars ilipofungwa 5-1 na Brazil katika mechi ya kirafiki, waliwatazama wachezaji ambao siku chache baadaye wangeshuka dimbani Afrika Kusini na chupa mgongoni. Katika jukwaa la Dar hakuna aliyezungumzia chupa. Kaká alikuwa uwanjani.

Upande wa kuogelea, jina maarufu ni Econyl, nailoni ya kampuni ya Aquafil ya Italia, iliyoingia sokoni mwaka 2011. Hutengenezwa kwa nyavu za uvuvi zilizochakaa, mazulia na mabaki ya viwandani, katika kiwanda kilichopo Ljubljana, Slovenia. Nailoni huvunjwa hadi kwenye molekuli zake za mwanzo na kujengwa upya, kwa hiyo ubora haushuki. Lakini tazama lebo ya vazi lenyewe: kitambaa mashuhuri cha aina hiyo ni asilimia 78 Econyl na asilimia 22 elasteni, na elasteni hiyo kwa kawaida ni mpya kabisa. Nayo hatimaye hufa kwa klorini. Mtu anayelipa bei ya mazingira kwa vazi la Econyl, kisha akalivaa mara nne kwa wiki bwawani, atalitupa mapema na atakuwa ameongeza taka badala ya kupunguza. Kwa mtu huyo, PBT isiyo na sifa yoyote ya kijani ina manufaa zaidi kwa dunia.

Kuna kasoro ambayo wauzaji huiruka. Karibu poliesta yote iliyorejelezwa hutokana na chupa, si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kugeuzwa chupa tena, na tena. Ikishakuwa jezi iliyochanganywa na elasteni, ni vigumu mno kuitenganisha, na safari yake imeishia hapo. Halafu kuna suala la nyuzi zinazomomonyoka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa ufuaji mmoja wa kilo 6 za nguo za poliesta kwa mashine unaweza kuachia karibu nyuzi 500,000, na za akriliki zaidi ya 700,000. Urejelezaji hauondoi tabia hiyo. Mito ya Themi na Naura inapita katikati ya jiji, na maji ya beseni tunayoyamwaga mtaroni yana njia ya kuifikia.

Anayetaka uhakika wa neno hilo atafute alama ya GRS, kiwango cha kimataifa cha bidhaa zilizorejelezwa, ambacho hakiruhusu nembo yake kubandikwa kwenye nguo yenye chini ya asilimia 50 ya malighafi iliyorejelezwa. Jani la kijani lililochorwa tu kwenye kadi ya bei halithibitishi lolote. Na kusema kweli, jezi iliyotoka kwenye belo, ikavaliwa miaka mingine mitano Njiro au Usa River, imerejelezwa kwa uaminifu kuliko nyingi zenye cheti, kwani haikuyeyushwa wala kupakwa rangi upya.

Ila mtumba una masharti yake. Flisi, bukta na jezi za kukimbilia za mtumba ni biashara nzuri kwa mnunuzi. Poliesta haizeeki upesi. Vazi la kuogelea la mtumba ni bahati nasibu, na skintaiti vilevile, kwa sababu ya elasteni ambayo umri wake hauonekani. Hapo kipimo cha yule mama wa Tengeru hakina mbadala.

Asiye na lebo ana vipimo viwili vingine. Cha kwanza ni tone la maji: lidondoshwe upande wa ndani wa jezi. Likitandaa na kupotea mara moja, na upande wa nje ukalowa, jasho litapita. Likikaa kama shanga, litakaa hivyohivyo mgongoni. Cha pili ni moto, kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye mshono na kushikwa kwa kibano, mbali na watoto. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Fundi cherehani mzoefu hufanya hivi hata bila kufikiri.

Utunzaji nao ni nusu ya ununuzi. Harufu inayong'ang'ania jezi ya poliesta hata baada ya kufuliwa si uvivu wa mfuaji; watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2014 kwamba baadhi ya bakteria wa jasho hustawi kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Dawa yake ni kuifua mapema, siku ileile, kabla jasho halijakaukia humo. Dawa ya kulainisha nguo iachwe kabisa: hupaka nyuzi utando, na ule utambi wa kibatari unaziba. Jiki isiguse chochote chenye elasteni. Vazi la kuogelea lisuuzwe kwa maji safi mara tu mtu anapotoka bwawani, likamuliwe kwa kubonyezwa bila kusokotwa, na lianikwe kivulini.

Kivulini, kwa sababu jua la hapa si la mchezo. Jiji liko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale ya urujuanimno kwa takribani asilimia 10. Nailoni hudhoofishwa na miale hiyo haraka kuliko poliesta. Ngozi pia. Fulana nyeupe ya pamba ikilowa hupitisha miale mingi, ilhali kitambaa chenye alama ya UPF 50 huruhusu si zaidi ya sehemu moja kati ya 50. Kwa watoto wanaoshinda majini, na zaidi kwa watu wenye ualbino, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu yenye alama hiyo ni kinga, na hapo bei isiwe kisingizio.

Kwa hiyo, kwa bajeti ya mtu wa kawaida wa Arusha, uamuzi ni huu. Kwa kukimbia na kupanda Meru, poliesta nyepesi, ya mtumba kwanza, ya dukani ikibidi. Iliyorejelezwa kama bei ni ileile. Kwa bwawa la klorini, poliesta na PBT, mpya. Kwa Chemka na baharini, nailoni na elasteni, na kama kuna fedha ya Econyl, itumike huko. Na ukienda Tengeru Jumamosi ijayo, kabla hujauliza bei, livute vazi mbele ya jua, uliachie, na utazame kama linarudi.